Upinde wa kompaundi wa kwanza: nichukue huu mtumba wa paundi 70 au nitafute mwingine?

#1 Ngosha_StPaul
Wakuu, salaam. Niko Minnesota mwaka wa sita. Kazini kuna mzee mmoja Mmarekani, tuko naye shifti ya usiku, amenikaribisha tuingie porini msimu wa kulungu wa pinde, unaoanza katikati ya Septemba hadi 31 Desemba. Mimi upinde mara ya mwisho kuushika ni ule wa fimbo tuliokuwa tukichezea machungani. Mzee anataka kuniachia upinde wake wa zamani wa kompaundi (ule wenye magurudumu kwenye ncha zake) kwa dola 250, pamoja na podo na mishale sita. Ubavuni umeandikwa 60-70, na chini yake 30.

Jumapili nilijaribu uani kwake. Mara ya kwanza haukuvutika kabisa. Mara ya pili nikauelekeza juu, nikajikaza, ukaja, na ulipokaribia mwisho ukawa mwepesi ghafla nikashtuka. Nikaachia. Ugwe ukanichapa mkono wa kushoto, ndani, chini ya kiwiko. Leo Jumatano bado pamevilia damu. Mshale nao ukaenda kushoto kwa futi mbili nzima, na shabaha ilikuwa hatua kumi na tano tu.

Nimepita dukani wakanipima urefu wa mvuto, wakasema inchi 27.5. Kikokotoo cha mtandaoni kinanipa 28.8. Mzee anasema 29, huo wa 30 nitauzoea. Nani nimwamini? Na upinde niuchukue?

#2 Kidume_wa_Geita
Chukua mkuu, dola 250 na podo juu! Wewe ni mtu wa kubeba gunia la mpunga tangu darasa la tano, paundi 70 zikushinde? Ni wiki mbili tu za maumivu.

#3 Fundi_Kemu
Usichukue. Napiga kompaundi mwaka wa tisa hapa Ohio, na wanaoanza hivi nawaona kila kiangazi wakiishia kwa daktari wa bega. Naeleza kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Hiyo 60-70 ni uzito wa mvuto. Boliti mbili za kwenye mabawa (zile sehemu za juu na chini zinazopinda) ukizilegeza unashuka hadi 60, basi. Pinde nyingi za daraja la juu zina nafasi ya paundi 10 tu hapo. Ukizidi kulegeza kutafuta 50, bawa linaweza kuchomoka kwenye mfuko wake ukiwa umelishika usoni. Kwa hiyo huo wa mzee hauna paundi 50 ndani yake, hata ufanyeje.

Hiyo 30 ni urefu wa mvuto kwa inchi, nayo ndiyo mbaya zaidi. Upinde wa kawaida unavuta mpaka pale unapoishia wewe. Kompaundi una kituo chake: kemu (yale magurudumu ya nchani) zikishazunguka hadi mwisho, ugwe hauvutiki zaidi. Ukiwekwa 30 nawe ni mtu wa 28, unalazimika kuufuata: kiwiko cha kushoto kinajifunga, bega linapanda sikioni, kichwa kinarudi nyuma. Na mkono unaingia kwenye njia ya ugwe. Hilo alama lako la damu ndilo jibu.

Kubadilisha urefu inategemea kemu. Nyingine zina kipande kinachozungushwa kwa ufunguo, nyingine lazima ununue kipande kingine cha saizi yako, na kwa upinde wa zamani huenda hakitengenezwi tena. Muulize mzee ni wa aina gani.

Ile hali ya kuwa mwepesi mwishoni ni sababu yenyewe ya kompaundi kuwepo. Upinde wa paundi 60 wenye nafuu ya asilimia 80 unashikilia paundi 12 tu ukiwa umevuta wote. Lakini kufika huko lazima upite kwenye 60 kamili. Hapo ndipo watu wanaelekeza juu kama wewe. Kipimo changu: kaa kwenye kiti, elekeza upinde kwenye shabaha, uvute taratibu bila kuuinua. Huwezi? Ni mzito. Shusha.

#4 mamaZuu
Kaka Ngosha, pole na mkono. Mimi sipigi, ila binti yangu anapiga shuleni hapa Kentucky, ule mpango wa shule ulioanzia hapahapa mwaka 2002. Wanatumia upinde uitwao Genesis. Una magurudumu ila hauna hiyo nafuu aliyoitaja #3, ndiyo maana hauna kituo: mtoto wa miaka tisa anauvuta, baba yake anauvuta, kila mtu na urefu wake. Uzito ni paundi 10 hadi 20. Niliushika kwa wasiwasi, nikapiga mishale thelathini, sikuchapwa hata mmoja. Kwa kulungu hautoshi, lakini ungejifunza kusimama kwanza.

#5 Nahodha_Msambweni
Wanangu, hayo mnayoyaita magurudumu ni kapi. Jahazini tanga hupandishwa kwa kapi, wengine husema roda. Uzito wa mtu kumi wavutwa na mtu watatu. Upinde huu ni uleule.

Na huku kwetu pwani ya Kenya hadi Tsavo kuna Waata, wengine huwaita Waliangulu, ambao pinde zao zilipopimwa zilizidi paundi 100. Hazina kapi wala nafuu. Walikuwa wakiangusha ndovu kwa mshale wa sumu ya mti. Kwa hivyo sabini si kitu cha kumtisha mtu.

#6 Fundi_Kemu
Shikamoo Nahodha. Naomba nikurekebishe kidogo. Kapi ni duara kamili. Hizi si duara, zina umbo la yai au zaidi ya hapo, kama kamshafti ya injini, ndiyo maana tunaziita kemu. Likiwa duara lenye ekseli katikati, msaada wake unabaki uleule mwanzo hadi mwisho. Umbo la yai ndilo linalobadilisha: mwanzo linakunyima, mwishoni linakusamehe. Holless Allen wa Missouri aliombea hataza wazo hilo mwaka 1966, akaipata 1969.

Na Waata walianza utotoni na upinde mdogo, wakapanda nao mwaka hadi mwaka. Ngosha ana miezi mitatu.

#7 Nahodha_Msambweni
Marahaba. Basi kamshafti. Lakini kamba zinazopita upande wa pili zinafanya kazi ya kapi, hapo hunishindi.

#8 Mlenga_Leicester
Habari zenu. Kwa mtazamo wangu mwanzo wote hauko sawa. Anza na rikavu, ule wa mashindano ya Olimpiki, paundi 20 au 24, miezi sita. Kompaundi inakuficha makosa. Hapa Uingereza klabu nyingi zinakupitisha kwenye kozi ya wanaoanza kwa pinde za klabu kabla hujanunua wako. Na huku kuwinda kwa upinde hakuna kabisa, sheria ya 1981 imekataza, kwa hiyo hatuna haraka ya Septemba. Tunapiga karatasi tu. Lugha ya kompaundi ni vyuma na kemu, mtu anakuwa fundi baiskeli kabla ya kuwa mpigaji. Na Olimpiki haipo.

#9 Kidume_wa_Geita
"Fundi baiskeli kabla ya kuwa mpigaji" 😂 Fundi_Kemu umesikia?

#10 Sheba_Toronto
#8, Olimpiki itakuwepo. Los Angeles 2028 kompaundi inaingia kwa timu mchanganyiko, mwanamume na mwanamke. Paralimpiki ipo siku nyingi: Matt Stutzman, aliyezaliwa bila mikono, anashikilia upinde kwa mguu, alipata medali ya fedha London 2012 na dhahabu Paris 2024, zote kwa kompaundi. Mashindano ya kompaundi ya nje ni mita 50, na uzito hauruhusiwi kuzidi paundi 60. Mabingwa wa dunia hawazidi 60, halafu mtu wa wiki ya kwanza anauziwa 70!

Sikubaliani pia na kumpeleka kwenye rikavu. Nilianza nayo kwa ushauri kama wako, nikakaa mwaka mzima nikipigana na vidole, na nilipohamia kompaundi nilianza upya: unaachia kwa rilizi (kifyatulio kinachoshika ugwe badala ya vidole), unachungulia kwenye tundu la ugweni, unashikilia muda mrefu. Ni ujuzi mwingine. Anayetaka kulungu Septemba afundishwe silaha atakayoingia nayo.

#11 Mlenga_Leicester
Asante kwa hilo la 2028, lilinipita. Kwenye rikavu nabaki na msimamo wangu.

#12 Mpare_Mpole
Nimesoma wote. Mnaharakisha kulaumu urefu wa mvuto. Mimi upinde wangu ni saizi yangu kabisa, ulipimwa vizuri, na nilichapwa miezi miwili mfululizo. Tatizo lilikuwa kiganja. Nilikuwa naukamata upinde kama mpini wa jembe. Ukikamata hivyo kiwiko kinageukia ndani, kwenye njia ya ugwe. Mwalimu akaniambia nisiushike, niuache ukae kwenye uvimbe wa chini ya dole gumba, vidole vilegee, vifundo vya vidole vikae mshazari wa nyuzi 45 hivi. Siku hiyohiyo nikaacha kuchapwa. Na kukamata ndiko kunakopeleka mshale pembeni: mkono unaukunja upinde wakati mshale unatoka.

Ngosha, uliushikaje?

#13 Ngosha_StPaul
Wakuu asanteni sana, sikutegemea uzi ufike huku. Mpare, niliukamata kwa nguvu zote, ulikuwa ukinitoka. Fundi, nimemuuliza mzee: kemu zake ni za kubadilisha kipande, na hicho alichonacho ni cha 30 tu. Yeye ana futi 6 na inchi 3, mimi sentimita 173.

Kuna jambo sikulisema. Nilikuwa na koti. Asubuhi huku bado baridi.

#14 Sheba_Toronto
Koti! Ugwe unanasa mkono wa koti kabla ya kufika ngozini. Huenda hata mshale kwenda kushoto ni hilo tu. Wawindaji wa huku wanavaa kinga ya mkono juu ya jaketi kwa sababu hiyo, na ukichagua upinde wa kuwindia angalia nafasi kati ya ugwe na mshikio ukiwa haujavutwa. Zenye inchi 6 zina kasi zaidi, lakini ugwe unaupitia mkono kwa karibu. Zenye inchi 7 zinasamehe zaidi.

#15 Fundi_Kemu
Koti limeongeza, sawa. Ila mtu wa 173 sentimita kwenye upinde wa mtu wa futi 6 na inchi 3, mnataka sababu gani nyingine?

Sasa hizo namba tatu. Kikokotoo: unanyoosha mikono, unapima ncha ya kidole hadi ncha, unagawa kwa 2.5. Ngosha amepata 28.8, maana yake mikono yake ni inchi 72, mirefu kuliko kimo chake cha 68. Kanuni hiyo inakisia. Watu wawili wenye inchi 72, mmoja kifua kipana mikono mifupi, mwingine kinyume chake, hawatatua mahali pamoja. Halafu watu wengi wanapojipima wanajinyoosha kupita kiasi. Pungua nusu inchi hadi moja.

Dukani walikupimaje? Kwa kuvuta upinde mwepesi wenye mshale wa alama, au kwa kukuangalia tu?

#16 Ngosha_StPaul
Kwa kuvuta upinde mwepesi, mara mbili. Ila bila rilizi, kwa vidole.

#17 Fundi_Kemu
Basi hata yao si ya mwisho. Kwa rilizi na kile kitanzi cha ugweni mkono wako unatua pengine kabisa. Ningeanza na 28, nikaangalia kama ugwe unagusa ncha ya pua bila kuinamisha kichwa.

#18 Daktari_wa_Ng'ombe
Nachomekea. Hiyo mishale sita imeandikwa namba gani? Kama ni 300 ni migumu mno kwa mtu wa paundi 50. Mshale mgumu kwa mpigaji wa mkono wa kulia unakwenda kushoto. Mngeangalia hilo kabla ya koti.

#19 Kidume_wa_Geita
Sasa 300 si ndogo? Yenye 500 ndiyo ngumu bila shaka.

#20 Daktari_wa_Ng'ombe
Kinyume chake mkuu. Wanaweka mshale juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, wananing'iniza uzito wa karibu paundi 2 katikati, wanapima unapinda kiasi gani. Ukipinda nusu inchi unaandikwa 500. Namba kubwa, mshale laini.

Na kwa usalama: mishale ya kaboni ya mtumba ikunje kidogo mmoja mmoja na usikilize kabla ya kupiga. Ukisikia mlio wa kupasuka, vunja utupe. Ukipasukia kwenye upinde vipande vinaingia mkononi. Nimeona picha, sitaki kuzieleza.

#21 Mpare_Mpole
Hiyo ya mshale mgumu kwenda kushoto ni ya wanaoachia kwa vidole, maana vidole vinausukuma ugwe pembeni. Kwa rilizi ugwe unakwenda karibu sawasawa, tofauti ni ndogo mno. Futi mbili kwa hatua kumi na tano si spaini (huo ugumu wa mshale).

#22 Daktari_wa_Ng'ombe
Si ndogo kama unavyodhani. Na kama yeye aliachia kwa vidole? Hajasema.

#23 Ngosha_StPaul
Kwa rilizi ya mzee, ya kufunga kifundoni. Mishale ni 300, umepatia.

#24 Hawa_binti_Kilwa
Samahani naingia kwa kuchelewa. Mbona hakuna aliyemuuliza jicho? Mimi natumia mkono wa kulia kwa kila kitu, ila jicho langu linalotawala ni la kushoto. Nilinunua upinde wa mkono wa kulia, nikapiga kushoto mwaka mzima na kila mtu ananipa sababu yake: kiganja, mshale, kusimama. Nikauza kwa hasara nikaanza upya na wa mkono wa kushoto.

Jaribu sasa hivi: nyoosha mikono, unganisha viganja uache kitundu kidogo, tazama kitu cha mbali kupitia hapo macho yote yakiwa wazi. Funga jicho la kushoto. Kitu kikibaki, unatawaliwa na la kulia. Kikipotea, usinunue chochote bado.

#25 Ngosha_StPaul
Nimejaribu mara tano. Mara tatu kimebaki, mara mbili kimehama. 😩

#26 Hawa_binti_Kilwa
Wapo watu wa hivyo, macho yanakaribia kulingana. Utapiga kwa kulia, funga la kushoto mwanzoni.

#27 mamaZuu
Mie linanisumbua jambo moja. Mzee amemkaribisha kijana, amemtolea upinde wake. Unamwambiaje mtu mzima "upinde wako sitaki" bila kumvunjia heshima?

#28 Nahodha_Msambweni
Mama umesema. Mwanangu, usimkatalie upinde, muombe elimu. Mwambie akusindikize dukani akuchagulie. Mtu mzima akichagua yeye, haoni amekataliwa.

#29 Sheba_Toronto
Hilo la Nahodha ndilo bora kwenye uzi mzima.

Kwa upande wa kununua: kuna pinde zilizotengenezwa kwa watu kama wewe. Diamond Infinite Edge Pro inakwenda paundi 5 hadi 70 na mvuto inchi 13 hadi 31. Bear Cruzer G2, paundi 5 hadi 70, inchi 12 hadi 30. Kurefusha na kufupisha unafanya mwenyewe kwa ufunguo, bila ile mashine ya kukandamiza mabawa. Kwa kawaida zinakuja na saiti (kilengeo), kishikilia mshale na podo, unaongeza mishale na rilizi. Anza na 40, panda kidogo kidogo. Mimi na mume wangu tulianza na mmoja huohuo.

#30 Fundi_Kemu
Nakubali, japo zenye nafasi pana hivyo mvuto wake si laini sana, na kasi inapotea ukiziweka chini. Na msidanganywe na namba ya kasi kwenye boksi. Hiyo inapimwa kwa paundi 70, mvuto inchi 30, mshale mwepesi wa greni 350 (kipimo kidogo cha uzito). Kila inchi unayopungua unapoteza futi kumi hivi kwa sekunde. Ngosha akiwa 28 na paundi 45 hataiona ile 315 ya kwenye tangazo. Na hahitaji. Kulungu wa hatua ishirini haulizi.

#31 Kidume_wa_Geita
Lakini 45 inaua kulungu kweli?

#32 Sheba_Toronto
Minnesota kiwango cha chini ni paundi 30 kwa mujibu wa kanuni zao. Kwa 45, mshale wenye uzito mzuri, kigumba kikali kama wembe, na usipige mbali. Ila asome kitabu cha kanuni cha mwaka huohuo, na aulizie kozi ya wawindaji kabla ya kukata leseni.

#33 Mpare_Mpole
Na Ngosha, usije ukavuta na kuachia bila mshale, hata dukani, hata kwa kujaribu. Nguvu yote inarudi kwenye mabawa na ugwe. Nimeona bawa likipasuka mkononi mwa kijana mmoja. Ndiyo maana na mshale mwepesi mno haufai: usiwe chini ya greni 5 kwa kila paundi.

Atakayenunua mtumba, pitisha pamba juu ya mabawa yote mawili. Ikinasa uzi, hapo pana ufa.

#34 Ngosha_StPaul
Mrejesho wakuu. Jana Jumamosi nilimwomba mzee anisindikize kama Nahodha alivyosema. Alifurahi kuliko nilivyofikiri, aliacha mpira kwenye runinga tukaondoka. Pale dukani yeye ndiye aliyesema "huyu mpeni kitu chepesi". Walinipa moja ya zile alizotaja Sheba, wakaiweka 45 na mvuto 28. Nimekaa kwenye kiti nikavuta bila kuinua, kama kipimo cha Fundi. Nimepiga mishale ishirini na minne, kiganja kimelegea, koti nimevua, mishale ni ya 500. Sijachapwa hata mara moja. Nimeshikilia muda wa kuvuta pumzi mbili na mikono haitetemeki. Nimeulipia, na mzee akanilipia rilizi kutoka mfukoni mwake.

Kasoro moja. Bado inakwenda kushoto. Si futi mbili tena, inchi nne hivi kwa hatua ishirini, lakini yote, imejikusanya mahali pamoja.

#35 Fundi_Kemu
Hongera! Yote mahali pamoja ni dalili njema. Sogeza saiti kushoto, ifuate mishale inakokwenda. Imeisha.

#36 Mpare_Mpole
Usiguse saiti kwanza. Bado unakamata, ila kidogo. Mwombe mzee akupige picha ya kiganja ukiwa umevuta.

#37 Hawa_binti_Kilwa
Na ulipiga macho yote wazi, au la kushoto ulilifunga?

#38 Ngosha_StPaul
Yote wazi, nilisahau kabisa. Kesho asubuhi naenda kupiga la kushoto likiwa limefungwa, nitaleta majibu.